Mama kijacho na hofu za saa nane usiku: ipi ya kukimbilia hospitali, ipi ya kuandika kwenye daftari

Naanza kwa kukiri kabisa. Mimba yangu ya kwanza niliogopa kila kitu yani kila kitu, niliogopa nikiamka nikajikuta nimelala chali, niliogopa rangi ya nywele niliyopaka kabla sijajua kama nina mimba, siku moja nilicheka mpaka tumbo likavuta nikalia nusu saa nikijua nimeshamuumiza mtoto. Saa nane usiku watu wote wamelala mi niko na simu ndani ya shuka naandika Google eti mjamzito akipiga chafya sana mtoto anapata shida? Na usinicheke, najua na wewe umeshaandika ya kwako.

Afu wiki ya 35 kichwa kikaanza kugonga, siku ya kwanza, siku ya pili, nameza paracetamol hakisikii, na pembeni ya macho naona vinyota vinyota. Hiyo sasa ndo sikuiogopa! Nilikuwa nimeshazoea kuogopa kila siku na kila siku inageuka kuwa si kitu, kwa hiyo nikaiweka kwenye fungu lile lile, nikasema hizi ni zile zile zangu. Ni mdogo wangu alinibeba mzobe mzobe kwenda kupimwa, presha ikakutwa juu sana na mkojo una protini, nikalazwa siku hiyo hiyo. Tulitoka salama mimi na mwanangu namshukuru Mungu, ila mimba ya pili nikasema hapana, safari hii naogopa kwa mpangilio. Ndo huo mpangilio nawaandikia hapa.

Tafuta daftari kwanza

La karatasi, sio kwenye simu, maana ukifungua simu kuandika utajikuta umeshaingia kwenye video ya mtu analia. Weka daftari na kalamu karibu na kitanda. Hofu ikija usiku iandike kwa sentensi moja, imeanza lini, na nani anaweza kuijibu: kipimo, nesi, daktari, au hakuna mtu maana ni jambo limeshapita. Ukishaandika funga. Sheria yangu ilikuwa taa ikizimwa hakuna kutafuta kitu mtandaoni. Asubuhi ukisoma tena utashangaa, nusu ya hofu zako hazina hata swali ndani yake, ni huzuni tu na uchovu, na zile zenye swali unaenda nazo kliniki zimeandikwa, maana wote tunajua ukifika pale mbele ya nesi kichwa kinakuwa cheupe unasema "sina swali" afu unakumbuka nje ya geti.

Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mjamzito aonane na mhudumu angalau mara 8, na ya kwanza iwe ndani ya wiki 12. Hizo ni nafasi 8 za kuuliza, zitumie. Mimi nilikuwa naenda na maswali matatu tu kila mara, yale mazito, mengine yanasubiri zamu.

Ukurasa wa kwanza: haya hayasubiri zamu

Ukurasa huu ndo muhimu kuliko yote, uandike ukiwa umetulia mchana, na mtu unayekaa naye ausome pia aujue. Likitokea lolote hapa huandiki, huulizi kwenye magrupu, hungoji kuche, unaondoka:

- damu kutoka ukeni wakati wowote, hasa kama ni nyingi au inakuja na maumivu
- kichwa kinachouma sana hakisikii dawa, kuona maluweluwe au nyota, maumivu makali ya juu ya tumbo chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba ghafla
- degedege, au kupoteza fahamu
- maji kukutoka, hata kama hujui ni chupa au mkojo, wao watajua
- mtoto aliyekuwa anacheza amepunguza au ameacha
- homa, au kutapika mpaka maji hayakai na mkojo umekuwa wa rangi nzito kidogo kidogo
- kifua kubana, kupumua kwa shida ukiwa umekaa tu, au mguu mmoja umevimba na unauma mwingine uko sawa
- uchungu wa kuja na kuondoka kabla hujafika wiki 37
- wazo la kujidhuru

La mguu mmoja hilo watu wengi hawalijui. Miguu yote miwili kuvimba jioni ukiwa na mimba kubwa ni kawaida sana, ila mguu mmoja peke yake unaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa, na ujauzito unaongeza uwezekano huo.

Kwa wale ambao mimba bado changa, ongeza maumivu makali ya tumbo upande mmoja, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, na maumivu kwenye ncha ya bega. Bega ndio, usishangae, mimba ikitunga nje ya kizazi na ikapasuka damu inayovujia ndani inaweza kuleta maumivu hadi huko. Hiyo ni ya kwenda haraka sana.

Na hapo hapo nitoe mzigo kwa watu. Kutokwa na matone ya damu miezi mitatu ya mwanzo kunatokea kwa karibu mimba moja kati ya nne, na nyingi zinaendelea vizuri, nenda wakuangalie lakini usianze kuomboleza njiani. Na ikitokea mimba imetoka, nyingi za mapema zinatoka kwa sababu kromosomu (vile vibeba urithi ndani ya seli) hazikukaa sawa toka mwanzo kabisa. Sio ndoo uliyobeba, sio ugomvi wa juzi, sio kwamba hukuifurahia ulipopima. Nasema hivi kwa sababu kuna watu wanabeba lawama hiyo miaka na miaka hawamwambii mtu.

Presha, hii nitakaa nayo kidogo

Kifafa cha mimba hakianzi na degedege. Kinaanza kimya na presha kupanda, kawaida baada ya wiki 20, na mara nyingi protini inaonekana kwenye mkojo, chanzo chake kinahusiana na kondo la nyuma lisivyojipandikiza vizuri na kinaharibu mishipa ya damu, figo, ini. Unaweza ukawa nacho na unajisikia mzima kabisa unafua unaimba. Ndo maana kila ukienda kliniki wanakupima presha na mkojo, sio kukuchosha. Ukienda wakaruka kipimo cha presha, uliza kwa upole tu, "nesi leo sijapimwa presha", hakuna atakayekupiga.

Namba za kukariri: 140 kwa 90 kwenda juu, hiyo ni ya kuwasiliana na mhudumu siku hiyo hiyo hata kama hujisikii kitu. 160 kwa 110 hiyo ni dharura, unaenda sasa. Na ukiwa na dalili za ule ukurasa wa kwanza unaenda hata kama mashine inasema uko sawa.

Kama una mashine nyumbani pima inavyotakiwa maana nimeona watu wanajipa presha wenyewe. Nenda kwanza haja ndogo, kaa kwenye kiti chenye mgongo, miguu yote chini usikunje nne, tulia dakika 5 bila kuongea na bila simu, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo, kitambaa cha mashine kikae kwenye ngozi sio juu ya sweta, na kiwe saizi ya mkono wako, kikiwa kidogo kinakupa namba kubwa ya uongo. Kama umetoka kunywa kahawa au kupanda ngazi subiri nusu saa. Ikija juu pumzika upime tena, ikibaki juu hiyo ndo yako. Andika na saa. Na usipime mara kumi na tano kwa siku jamani, nilifanya hivyo, wasiwasi unapandisha presha unapima tena imepanda unazidi kuwa na wasiwasi, mpaka mume wangu akaificha mashine.

Nani yuko kwenye uwezekano mkubwa zaidi wa kupata presha hii ya mimba? Aliyewahi kuipata, mwenye presha ya siku zote, kisukari, ugonjwa wa figo au lupasi (kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe), hawa ndo wa kwanza. Afu wapo wenye mimba ya kwanza, mapacha, umri wa 40 na kuendelea, uzito mkubwa, au mama yake au dada yake aliipata. Ukijiona humo waambie siku ya kwanza kabisa ya kliniki usisubiri waulize, kwa sababu kuna aspirini ya dozi ndogo ambayo daktari anaweza kukuandikia kuanzia wiki ya 12 hivi, na inafanya kazi vizuri ikianzwa kabla ya wiki 16. Daktari akuandikie, narudia, sio ununue mwenyewe kwa sababu umesoma hapa.

Na ikija kutokea, dawa za kushusha presha zipo, na magnesiamu salfeti ya kuzuia degedege ipo na ni ya siku nyingi inajulikana. Tiba ya mwisho ni mtoto na kondo kutoka, kwa hiyo usishtuke wakisema wanakuzalisha kabla ya tarehe.

Mtoto kucheza

Wengi wanaanza kumsikia kati ya wiki 16 na 24, mimba ya kwanza unachelewa kidogo na unadhani ni gesi. Mwanzoni anacheza leo kesho kimya, ni kawaida. Ila kufika wiki 28 anakuwa na ratiba yake, mwingine wa usiku, mwingine ukishakula tu anaanza fujo. Hakuna idadi moja ya watoto wote, kazi yako ni kuijua ratiba ya WAKO. Ukiwa na shaka lala ubavu, acha kila kitu, mhesabu. Kuna kipimo kinachotumika sana cha kufikisha mara 10 ndani ya saa 2, lakini hata akifika 10 na wewe unaona kabisa huyu sio yule wa kila siku, nenda.

Hapa kuna mambo mawili yananikera. La kwanza ni ule msemo kwamba mtoto akikaribia kuzaliwa anapunguza kucheza kwa sababu nafasi imeisha. Sio kweli. Anabadilisha namna, mateke yanakuwa kama kujisukuma, ila hapunguzi. La pili ni kale kamashine ka kusikiliza mapigo ya moyo ka nyumbani, unasikia puu puu unatulia unalala, kumbe umesikia mshipa wako mwenyewe au kondo. Na hata kama ni moyo wa mtoto, moyo kupiga haimaanishi mtoto hayuko kwenye shida. Usikitumie kujiridhisha. Na usisubiri asubuhi, na usione aibu umeenda mara tatu na mara zote wamekuta mtoto mzima. Mara ya nne unaenda tena.

Vile vipimo vingine, haraka haraka

Sukari: kwa kawaida wiki 24 hadi 28, unakunywa glukosi gramu 75 wanapima kabla na baada. Kisukari cha mimba hakiji kwa sababu ulikula keki, homoni za kondo zinafanya insulini, ile inayoshusha sukari kwenye damu, isifanye kazi vizuri, basi. Wengi wanakidhibiti kwa chakula na kutembea, wengine wanahitaji dawa, na kwa wengi kinaondoka ukishajifungua ila unarudi kupima baadae maana una uwezekano wa kupata kisukari cha ukubwani.

Wingi wa damu: chini ya 11 (g/dL) ni upungufu. Vidonge vya kuongeza damu meza mbali na chai au kahawa, na juisi yenye vitamini C inasaidia. Choo kitakuwa cheusi, usiandike hiyo kwenye daftari, ni vidonge.

Kundi la damu: kama ni negativu uliza mapema kuhusu sindano ya anti-D, inayozuia mwili wako kutengeneza kinga ya kuishambulia damu ya mtoto, inatolewa karibu na wiki 28 na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua kama mtoto ni positivu, na ukitokwa damu katikati wakumbushe pia. Hii watu wanaisahau afu inaleta shida mimba inayofuata.

Foliki asidi maikrogramu 400 kila siku, vizuri ikianza kabla hujashika mimba, kama hukuwahi anza leo. Na viganja na nyayo vikiwasha sana usiku bila vipele, mwezi wa saba kwenda juu, waambie haraka wapime ini, sio ngozi kavu tu.

Ukisoma "hatari inaongezeka mara mbili"

Hili ndo lilikuwa linaniua mimi. Unasoma kitu fulani kinaongeza hatari mara mbili, moyo unalipuka. Uliza kwanza, mara mbili ya ngapi? Kitu kikiwa kinatokea kwa mmoja kati ya 1000 kikawa wawili kati ya 1000, ni mara mbili kweli, na wenzako 998 hawana shida. Mfano wa umri ambao wadada wa 35 na kuendelea wanatishwa nao kila siku: uwezekano wa mtoto kuwa na Down syndrome (kuzaliwa na kromosomu moja ya ziada) kwa mama wa miaka 40 ni karibu 1 kati ya 100. Umepanda ndio ukilinganisha na binti wa 25, lakini 99 hawana. Igeuze namba kila mara uone upande wa pili, afu kama bado inakusumbua uliza kuna kipimo gani na kitabadilisha nini kwenye maamuzi yenu. Kama hakibadilishi chochote, una haki ya kukikataa pia.

Dawa, kulala na vile vidogo vidogo

Kosa kubwa kuliko yote kwenye dawa ni kuacha ghafla. Una kifafa, pumu, presha, dawa za sonona, VVU, umejua una mimba leo unatupa vidonge kwa kuogopa mtoto... usifanye hivyo! Ugonjwa wenyewe ukilipuka ni hatari kwa wote wawili. Ni kweli zipo dawa zina madhara, valproeti ya kifafa ni mojawapo, ndo maana unampigia daktari siku hiyo hiyo akubadilishie, lakini kuacha mwenyewe hapana. Kwa maumivu na homa paracetamol ndo ya kawaida, dozi ya kwenye pakiti, siku chache. Ibuprofeni na ndugu zake kaa mbali hasa baada ya wiki 20. Pombe hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama, sigara hivyo hivyo, ila kama ulikunywa kabla hujajua usijitese, acha sasa umwambie daktari ukweli.

Kulala: kuanzia wiki 28 anza usingizi kwa ubavu, wa kulia au kushoto vyote sawa. Ukiamka uko chali geuka ulale, huna kesi. Kahawa punguza, vikombe viwili vidogo vya kawaida inatosha. Nyama mbichi na maziwa yasiyochemshwa acha. Kinyesi cha paka aondoe mtu mwingine. Rangi ya nywele, chafya, kucheka, kunyoosha mikono juu, vyote salama (nimejibu utafiti wangu wa saa nane usiku hapo). Tendo la ndoa nalo salama mpaka uambiwe vinginevyo, kwa mfano kondo likiwa limekaa chini au unatokwa damu.

Baba kijacho na wewe soma hapa

Mwenzio akikuambia anaogopa usimwambie "acha kuwaza". Muulize, "hii ni ya ukurasa wa kwanza au ya daftari?" Kama ni ya ukurasa wa kwanza tafuta usafiri. Kama ni ya daftari msikilize tu, huhitaji kuwa na jibu. Na ujue namba ya usafiri wa usiku, kadi ya kliniki iko wapi, na nani atabaki na watoto, haya yajue kabla ya wiki 28 sio siku yenyewe. Na wewe pia unaruhusiwa kuogopa, chukua daftari lako.

Mkipiga simu au mkifika mapokezi, msianze na historia ya ukoo. Sema hivi: "Ana mimba ya wiki 33, ya kwanza, kichwa kinamuuma tangu jana hakisikii dawa, presha nyumbani 150 kwa 100." Sentensi moja, wiki, tatizo, tangu lini, namba. Mtu akisikia hivyo anainuka. Ukisema "hajisikii vizuri" utaambiwa kaa pale.

Hofu yenyewe ikiwa ndo ugonjwa

Kuna hofu ambayo daftari haliiwezi. Kama wiki mbili mfululizo siku nyingi moyo unaenda mbio, hulali hata ukiwa umechoka na nyumba imetulia, huli, unakwepa kliniki kwa kuogopa majibu, au unajikagua damu kila dakika kumi, hiyo ni wasiwasi wa kitabibu na ina tiba, ya kuongea na hata dawa zinazotumika kwa wajawazito. Kuna dodoso la maswali 10 la Edinburgh, la kupima sonona na wasiwasi, ambalo lilitengenezwa kwa wazazi waliojifungua na sasa linatumika hata kwenye ujauzito, mwambie mhudumu akupime nalo. Unaweza kuanza kwa kumpa tu daftari asome mwenyewe, mimi nilifanya hivyo siku moja sauti haikutoka, alisoma kurasa mbili akavuta kiti.

Na ukishajifungua daftari usilitupe

Presha ya mimba inaweza kuja hata baada ya mtoto kutoka, mpaka wiki 6, na hata kwa mtu ambaye mimba nzima haikumpata. Kwa hiyo kichwa kile kile, nyota zile zile, ni ukurasa ule ule wa kwanza. Uongeze na haya: damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja, homa, uchafu wenye harufu mbaya, mguu mmoja kuvimba, na kujisikia humtaki mtoto au bora usingekuwepo. Wageni watakuja kumwona mtoto, watambeba, watasema kafanana na nani. Mchague mmoja kati yao, yule asiyeogopa kukubeba mzobe mzobe, umpe ukurasa huo asome kabla hajaondoka.